Kasi ya Mzee Wino

Mchwa walikuwa wanaongoza kwa alama chache, na Fundi hakuwa na raha. Kuongoza kwa alama chache ni kukalia kiti chenye mguu uliolegea: umekaa, lakini mwili wote uko tayari kuanguka. Kila alipomaliza kazi ndogo alifungua jedwali la alama, akalitazama, akalifunga. Kabla hajafika mlangoni alirudi kulifungua tena. Siafu walikuwa wanapanda. Hawakimbii, hawana papara, wanapanda tu.

Mchwa ilikuwa timu yake: kompyuta zote za ofisi ya wapima ardhi alikoajiriwa, pamoja na za marafiki aliowabembeleza mpaka wakakubali ili wapumzike. Siafu ilikuwa timu ya wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa mtunza maktaba wa chuo. Timu zote mbili zilitumikia mradi mmoja. Kuna watafiti huko mbali walikuwa wanatafuta dawa ya homa, na kutafuta kwenyewe kulikuwa kama kujaribu funguo zote za dunia katika kitasa kimoja. Hakuna kompyuta moja inayoiweza kazi hiyo. Kwa hiyo waliikata vipande vipande, wakawaomba watu wa kila mahali: kompyuta yako ikiwa imekaa bure, tuazime. Ukikubali, programu yao inapokea kipande cha hesabu, inakokotoa, inarudisha jibu, inaomba kingine. Kila kipande kina alama zake. Alama hizo hazinunui hata njiti ya kiberiti, lakini zinahesabiwa, na kitu kikishahesabiwa lazima watu washindane, sembuse mawifi.

Dau lao lilikuwa shikamoo. Walilingana umri, tena wote wawili walikuwa na midomo, na walikubaliana kwamba atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mwezi mzima, popote watakapokutana, na mshindi ataitikia marahaba bila kucheka. Mashindano yaliyopita aliyeamkia ni Fundi. Aliamkia nyumbani, aliamkia barabarani, na siku moja aliamkia sokoni mbele ya muuza nyanya, ambaye alimwuliza kama yule ni shangazi yake.

"Mimi ni mama yake mdogo," wifi alijibu kwa niaba yake, uso mkavu. "Nimemlea mwenyewe. Kanisumbua sana."

Tangu siku hiyo Fundi alikuwa na jambo moja kichwani.

Programu ile ina adabu zake. Mtu akigusa kompyuta, yenyewe inasimama, akiondoka, inaendelea. Bosi alipoiruhusu ofisini alitoa sharti hilohilo: isiguse kazi za watu. Fundi aliitikia ndiyo. Kisha mashindano mapya yalipoanza, alipita kompyuta moja baada ya nyingine, akiwa ameshika brashi ya kusafishia vumbi ili aonekane ana shughuli, akaingia kwenye mipangilio ya programu na kuiondolea adabu. Ikawa inakokotoa muda wote, mtu awepo asiwepo. Feni zikaanza kuvuma kidogo. Wapimaji hawakutambua lolote, maana kutwa wako nje na vigingi vyao. Mchwa wakapanda siku hiyohiyo.

Alikuwa kwenye jedwali tena, kidole mdomoni, bosi alipotoa kichwa nje ya chumba chake.

"Fundi. Njoo. Funga mlango."

Bosi alikuwa mwanamke mrefu, mpima ardhi kwa taaluma, ambaye hata siku za kukaa ofisini alivaa viatu vya kazi vyenye udongo wa juzi. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mzee Wino ana nini?"

"Ana nini, Bosi?"

"Nakuuliza wewe. Zamani ramani ya kiwanja kimoja ilimchukua asubuhi, mchana anadai nyingine. Sasa wiki inaingia wiki inatoka. Watu wananipigia simu. Kuna mmoja kaja jana, kakaa hapo ulipokaa, kasema hatoki bila ramani yake. Nilimpa chai mpaka akachoka yeye."

Fundi alitazama kiti alichokalia.

"Nimempata mchoraji mwingine," bosi aliendelea, akishusha sauti. "Anaweza kuanza mwezi ujao. Lakini sina nafasi ya wachoraji wawili, unaelewa? Akiingia huyu, Mzee anatoka. Na sitaki kumtoa mtu aliyeijenga ofisi hii kwa sababu ya kompyuta mbovu. Kwa hiyo iangalie mashine yake. Ijumaa nataka neno moja kutoka kwako. Ni mashine au ni mtu."

Fundi alitoka, akaufunga mlango taratibu.

Mzee Wino alipewa jina hilo kwa sababu aliingia kazini enzi za kuchora kwa kalamu ya wino, na mpaka leo alikuwa akifuta vidole kwenye leso kila alipomaliza kuchora, ingawa kipanya hakichafui mtu. Fundi alipofika ofisini na diploma yake mpya, akijua kompyuta zote na asijue ramani hata moja, huyu ndiye aliyemketisha karibu na kumwonyesha. Hakumcheka. Alikuwa bado hajafika umri wa kustaafu, na binti yake wa mwisho alikuwa bado anasoma.

Sasa kiti chake kinaondoka kwa sababu ya shikamoo. Hivyo ndivyo Fundi alivyojiambia akirudi kwenye meza yake, na alipokaa aliinuka tena, akaenda kunywa maji ambayo hakuyataka.

Saa ya chakula ofisi ikawa tupu. Alikaa kwenye kompyuta ya Mzee Wino akafungua ramani nzito kuliko zote, ya mtaa mzima, wenye mifereji na nguzo na kila kona ya kila nyumba. Aliiamuru mashine iichore upya kutoka mwanzo huku programu ya mashindano ikiendelea kukokotoa. Akapima. Kisha akaisimamisha programu, akaamuru tena, akapima.

Tofauti ilikuwa pumzi moja. Unavuta, unatoa, basi.

Hakuamini. Alirudia akiwa amefungua ramani nyingi kwa pamoja. Alirudia na mtandao umezimwa. Alijaribu kuvuta mistari kwa haraka, kukuza, kupunguza, kugeuza. Ubongo wa mashine ile ulikuwa na nafasi ya kutosha. Programu ilikuwa inakula makombo, na kila ramani ilipohitaji nguvu, yenyewe ilisogea pembeni. Pumzi moja. Katika siku nzima ya kazi, labda muda wa kufunga kamba za viatu.

Alitarajia moyo utulie. Haukutulia. Kwa sababu bosi alikuwa ametoa majibu mawili tu, na moja limeshafutika.

Alasiri alijifanya anapanga nyaya chini ya meza ya jirani, ili amtazame Mzee Wino akifanya kazi. Mzee alivuta mstari kutoka kigingi hadi kigingi, akabonyeza pembeni. Akafuta. Akakuza picha mpaka kigingi kikawa kikubwa kama sahani, akabonyeza, akapunguza picha, akaona mstari umepinda, akafuta tena. Alisogeza uso mbele. Kisha akageuza shingo upande, kama kuku anayetazama punje.

"Fundi, upo huko chini?"

"Nipo, Mzee."

"Hiki kipanya ulichonipa kimelewa kama kile cha kwanza. Namwambia nenda huku, anakwenda kwao."

"Nitakubadilishia."

"Na skrini yako ina ukungu. Au mnatuwekea za bei nafuu sisi wazee?"

Fundi alitoka chini ya meza na kitambaa chake mkononi. Skrini ilikuwa safi, yeye mwenyewe aliifuta mchana. Alisimama nyuma yake, akapitisha kitambaa mgongoni mwa skrini, kwenye plastiki, taratibu, kutoka kona hadi kona.

"Sasa je?"

Mzee Wino alikaza macho. "Afadhali," alisema. "Afadhali kidogo. Asante, mwanangu."

Fundi alikunja kitambaa, akakikunja tena mpaka hakikukunjika zaidi. Bibi yake aliwahi kuzungumza namna hiyo. Alilaumu taa, akalaumu dirisha, akalaumu miwani na aliyeuza miwani, mpaka daktari alipommulika na kumwambia ana mtoto wa jicho. Walimwondolea, akaona. Lakini jicho la pili alikuwa amechelewa nalo.

Ijumaa bosi hakumwita chumbani. Alitoka mwenyewe, akasimama katikati ya ofisi, mikono kiunoni. Wapimaji wawili walikuwa wanafunga vifaa vyao. Mzee Wino alikuwa kwenye meza yake.

"Haya, Fundi. Nasikia umeikagua mashine ya Mzee. Tuambie."

Fundi alikuwa amejiandaa kuzungumza naye mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa amepanga maneno: macho, hospitali, muda kidogo. Sasa maneno hayo hayakuwa na pa kutokea. Mzee Wino alikuwa ameacha kipanya, mikono ameiweka mapajani, ametulia kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo yake mbele ya darasa.

"Ni mashine," Fundi alisema.

"Ina nini?"

"Ile programu ya mashindano. Niliiacha ifanye kazi muda wote, hata watu wakiwa wanatumia. Ndiyo inayomla kasi."

Mpimaji mmoja aliguna.

"Nilikuambia nini mimi?" bosi aliuliza.

"Isiguse kazi za watu."

"Na wewe ukasikia nini?"

Bosi alimtazama kwa muda, kisha akatazama feni, kompyuta, nyaya, kama mtu anayeona nyumba yake imeingiwa na wezi. "Iondoe. Kwenye mashine zote, leo hii. Na wewe nitakutafutia siku yako." Akamgeukia mchoraji. "Mzee, niwie radhi. Nilianza kukuwazia vibaya."

Bosi alipoingia chumbani kwake, Mzee Wino alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alikuja mpaka kwenye meza ya Fundi akamshika bega.

"Umeniangusha lakini umeniinua, mwanangu. Nilidhani ni mimi."

"Mzee..."

"Sikia. Usiku silali. Nilishasema basi, uzee ndio huu, kumekucha. Mpaka nilikuwa nimepanga Jumatatu niende nikaonane na daktari wa macho. Kumbe ni michezo yenu ninyi watoto." Akacheka tena, akatoa leso, akafuta vidole. "Umeniokolea nauli."

Mwisho wa juma ulipita vibaya. Alama za Mchwa zilishuka kama ndoo iliyokatika kamba, na wifi alituma picha ya jedwali bila neno lolote, kisha picha ya kiti, na chini yake akaandika: "Nimekaa. Anza kuamkia." Fundi alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alipika, akasahau kula. Kaka yake alipiga simu kumwuliza kama ni kweli amekubali kushindwa, maana mkewe ndani hakukaliki kwa majigambo, na Fundi alimjibu kwamba yuko njiani, atampigia baadaye, asubiri. Hakuwa njiani. Alikuwa anazunguka chumbani.

Mara kadhaa alijiambia amefanya vyema. Mzee ana kiti chake. Kisha alisikia tena lile neno, nauli, na huo wema wote ukafutika.

Jumatatu mchana wifi alikuja mwenyewe. Fundi alimwona kupitia kioo cha mlango, kitambulisho cha maktaba bado kinaning'inia shingoni, na akajua kutokana na mwendo kwamba hakuja kudai shikamoo. Alitoka haraka akamkuta kwenye korido.

"Wifi, nataka unieleze kwa mdomo wako."

"Shusha sauti."

"Sishushi. Mkuu wa chuo kanisimamisha mlangoni, wanafunzi wanapita. Kaniambia niondoe programu kwenye kompyuta zote za maktaba, inaua mashine. Nikamwuliza nani kasema. Kasema kakutana na bosi wako kwenye kikao, kaambiwa fundi wao amethibitisha. Fundi wao ni nani? Ni wifi yangu mimi, mwenye diploma."

"Sikukulenga wewe."

"Hata risasi ya bahati mbaya inatoboa. Unajua nilivyohangaika kumshawishi yule mkuu? Mwaka mzima namwelimisha kwamba haipunguzi kitu. Nimempimia mbele ya macho yake. Wewe neno moja, kwisha. Ungetaka kushinda ungeniongezea mashine, sio kunichomea nyumba."

"Mbona mimi ndiye niliyeshindwa? Zangu ziliondolewa kwanza."

"Ndiyo maana sielewi." Wifi alimkazia macho. "Umepima?"

"Nimepima."

"Ikawa ngapi?"

"Pumzi moja."

"Pumzi moja," wifi alirudia. "Halafu ukaenda kumwambia bosi wako inaua kasi. Wewe, unayegombana na watu wakikosea nukta. Wifi, kuna nini?"

Fundi aligeuka, akatazama ndani kupitia kioo. Wifi alifuata macho yake. Mzee Wino alikuwa kwenye meza yake, skrini mpya aliyopewa na bosi ikiwaka mbele yake, na uso wake ulikuwa umeikaribia mpaka mwanga ukamfanya aonekane wa buluu. Alibonyeza. Akafuta. Akageuza shingo.

"Yule anachora au ananusa?" wifi aliuliza. Kisha uso wake ukabadilika. "Tangu lini?"

"Sijui. Alikuwa aende kwa daktari leo. Nikamwambia ni mashine, akaghairi."

"Ukamwambia ni mashine."

"Nilimwambia bosi. Angepoteza kazi, wifi. Mbele ya watu, amekaa pale kama mtoto. Wewe ungesema nini?"

Wifi alivuta pumzi ili ajibu, akaiachia. Alikivua kitambulisho shingoni, akakizungusha mkononi. "Labda ningesema hivyohivyo," alisema mwishowe. "Nina mdomo, lakini si wa jambo kama hilo. Ila ungekuwa umeongopa hapohapo tu na ukaishia, ningekusaidia. Sasa mimi nimepoteza mashine zangu, wewe zako, wale watafiti wamepoteza zote, na yeye bado haoni. Nani amefaidi?"

"Bosi akijua, kiti kimekwenda."

"Na Mzee asipojua?"

Fundi aliushika mpini wa mlango, akauachia, akaushika tena.

"Nenda," wifi alisema. "Mimi nitakaa hapa. Ukitoka unalia, nitakucheka, kwa hiyo usilie."

Ofisini alikuwamo Mzee Wino tu; bosi alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Fundi alivuta kiti mpaka kwenye meza ya mchoraji, akakaa ubavuni kwake kama siku zile alipokuwa anajifunza.

"Mzee, niliyosema Ijumaa hayakuwa kweli."

"Yapi?"

"Kwamba ni programu. Niliipima kabla. Haikuwa inakupunguzia kitu cha kuonekana."

Mzee Wino hakuacha kutazama skrini. "Mbele ya bosi ulisema inanila kasi."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Kuna mchoraji mwingine anasubiri. Nilitaka ubaki."

Mkono wa mzee ulikuwa bado juu ya kipanya, lakini haukusogea. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini na kavu, na Fundi hakuwahi kuisikia kabla.

"Kwa hiyo umenihurumia."

"Ndiyo."

"Umeniona nimechakaa, ukanihurumia, ukanifunika shuka. Siku tatu natembea kifua mbele, nawaambia watu nyumbani ni kompyuta. Nimemwambia mwanangu. Kacheka kwenye simu." Aliionyesha skrini kwa kidole. "Irudishe."

"Nini?"

"Hiyo programu. Irudishe hapa, nione."

"Bosi kakataza."

"Bosi hayupo kwenye kiti hiki. Irudishe."

Fundi aliirudisha. Feni ilianza kuvuma. Mzee Wino alifungua ramani ileile ya mtaa, akaiamuru ichorwe upya, akasikiliza. Mistari ilijaa. Akamwambia aizime. Akaamuru tena. Mistari ilijaa vilevile. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na Fundi hakumzuia. Kisha aliziba jicho moja kwa kiganja, akakaa, akaliachia, akaziba la pili.

"Hili la kulia ni moshi mtupu," alisema. "Na la kushoto linaniletea mistari miwili. Nachagua mmoja."

"Unachagua vipi?"

Ilikuwa ni kuuliza tu, ili asikae kimya. Lakini Mzee Wino aligeuka akamtazama, na uso wake ulikuwa umelegea.

"Nabahatisha," alisema.

Wote wawili walilisikia neno hilo likitua. Hapo mezani ramani zilizosubiri zilikuwa nyingi, lakini zilizokwishatoka zilikuwa nyingi zaidi. Zilikuwa na sahihi yake. Watu wameshazipeleka kwa mafundi ujenzi, wamezionyesha kwa majirani, wamesema mpaka wangu ni huu. Mstari mmoja ukikaa upande usio wake wa kigingi, ukuta unajengwa kwa mtu, na hapo ndipo ndugu wanapotoleana mapanga.

Mzee Wino alisimama ghafla mpaka kiti kikarudi nyuma.

"Mzee, ngoja. Tujipange kwanza. Tuseme vipi."

"Tujipange nini, mwanangu? Kuna watu wanachimba misingi."

Alikwenda mwenyewe, akipapasa ukingo wa meza kwa vidole, akagonga mlango wa bosi na kuufungua bila kusubiri. Fundi alimfuata mbio. Bosi alikuwa na mkate mkononi.

"Mama," Mzee Wino alisema, "macho yangu hayaoni. Sijui tangu lini, tangu kabla ya mvua labda. Mashine haikuwa na kosa. Ninaomba ramani zote nilizotoa tangu hapo zifunguliwe, zilinganishwe na vipimo vya wapimaji, leo hii. Mengine utaniambia baadaye."

Bosi aliweka mkate chini. Hakumtazama yeye, alimtazama Fundi.

"Ulisema mashine."

"Nilidanganya, Bosi. Ila kuiacha ifanye kazi muda wote, hilo nililifanya."

"Mmoja ananificha macho, mwingine ananificha ukweli." Alijifuta makombo taratibu mno. "Na mimi nikaenda kwenye kikao nikamjaza mkuu wa chuo maneno. Kuna mtu yeyote katika ofisi hii anayenionyesha kitu?"

Bosi alisimama, akachukua kiti chake mwenyewe kwa mkono mmoja, akatoka nacho mpaka kwenye meza ya mchoraji, akakaa.

"Fundi, wewe soma vipimo. Mimi nitatazama mistari. Mzee, kaa hapo, utuambie ni zipi ulizobahatisha."

Walianza. Fundi alisoma namba za kila kona kutoka kwenye faili za wapimaji, bosi alifuata kwa kidole kwenye skrini, na Mzee Wino, macho ameyafumba, alisema hii nilikuwa na hakika nayo, hii sikuwa. Ya kwanza ilikuwa sawa. Iliyofuata sawa, na iliyofuata. Kwenye korido wifi alionekana akichungulia kwenye kioo. Aliwatazama watatu wale walivyoinamiana, akainua mkono kidogo, akaondoka.

Kisha kidole cha bosi kikasimama.

"Soma tena."

Fundi alisoma tena. Mstari ulikuwa umepita upande wa pili wa kigingi, upana wa mlango, ndani ya kiwanja cha jirani.

"Cha nani hiki?" Mzee Wino aliuliza.

"Yule mama mshona nguo," bosi alisema, tayari ameshika simu. Aliongea kwa kifupi, akasikiliza, akakata. "Hajaanza kujenga. Mchanga umemwagwa jana. Nimemwambia asiguse mpaka niende."

Mzee Wino alishusha pumzi. Hakujitetea, na hakuomba radhi kwa maneno. Alikaa tu na kichwa chake kimeinama. Kisha akauliza lile ambalo Fundi alikuwa amelingojea tangu waingie.

"Na kiti, Mama?"

Bosi alitazama mstari uliokosewa, akautazama tena.

"Kesho unakwenda hospitali. Fundi atakusindikiza, na hilo kwake si adhabu, adhabu yake inakuja. Daktari akisema utaona, mchoraji mwingine atakushikia kiti kama mgeni mpaka upone. Akisema huoni, nitakuambia mwenyewe, hapa hapa, sitamtuma mtu. Zaidi ya hapo sijui, Mzee, na nisikudanganye kama wenzangu."

"Inatosha," Mzee Wino alisema.

"Na mkuu wa chuo nitampigia jioni, niyameze maneno yangu." Alisogeza kiti karibu zaidi na skrini. "Zimebaki nyingi?"

"Nyingi," Fundi alisema.

"Basi mnangoja nini? Fungua inayofuata."

Fundi akafungua. Mzee Wino alifumba macho, akakumbuka, akatikisa kichwa.

"Hiyo nayo sikuwa na hakika," alisema. "Soma polepole."